Ulipitia Wapi

Hakuuliza nani. Hilo ndilo lililonilegeza magoti.
Polisi wa Sikonge aliuliza nani, mtendaji aliuliza nani,
nami nikakodolea vidole vya miguu yangu kama wenzangu.
Yeye alishuka kwenye pikipiki na futi kamba mfukoni,
akasema, naitwa Tulinagwe, nasanifu majengo,
akachuchumaa penye majivu ya Nyamizi:
"Moto uliingilia wapi?"

Si mlangoni. Moto haupigi hodi.
Hapa, akaonyesha Nyamizi, kati ya ukuta na paa,
nilipoacha uwazi ili moshi utoke.
Moshi ulipotokea, cheche zikaingilia hapohapo,
zikakuta nyasi kavu na kihenge cha michembe.

Akaandika. Nyumba ishirini na tatu, akaziandika zote:
ya Masele, yenye bati, iliyoungua vilevile
kwa kuni alizozipanga ukutani;
ya Kalunde, iliyopona, na hatukujua kwa nini
mpaka alipoupima uwanja. Hatua kumi na nne za udongo mtupu.
Bibi yule hufagia kama anayedaiwa.

Siku ya tatu tukamdai mchoro.
"Sina bado."
Masele akacheka, fundi wa karatasi asiye na karatasi!
Tulikuwa tunalala kwenye bani la tumbaku, familia sita,
tukikohoa; kicheko kilikuwa haki yetu.
Akaokota kipande cha mkaa, boriti ya jana,
akampa Nyamizi. Chora.
Nyamizi akachora mlango.
Halafu, upande wa pili, mlango mwingine.
Akaishia hapo. Ukuta hakuchora hata mmoja.

Tulielewa. Kaka yake Igulu, asiyeona,
yuko Kitete hospitali, mikono imefungwa bendeji;
alipapasa ukuta mzima wa nyuma
akitafuta pa kutokea.

Matofali ya kuchoma akayakataa.
"Tanuri moja litakula miyombo mingapi?"
Basi tukachimba udongo wa kichuguu, saruji kiduchu,
mashine ya kushindilia ikakopwa Tabora mjini,
na aliyevuta mkono wa mashine kuliko wote ni mimi.
Alfajiri mimi, jua la utosi mimi.
Wakanisifu.
Sifa zikanikaa kooni kama mwiba wa kambale.

Jioni moja nilimkuta kwenye taa, ramani magotini.
Mishale yake ilirudi nyuma, nyumba hadi nyumba,
hadi ukingo wa msitu, ikakoma.
Pale, alama ya kuuliza.
"Nikijua ulipoanzia," akasema, "nitajua mkuza tuulime wapi.
Nyumba nzuri bila mkuza ni kuni zilizopangwa vizuri."

Nikasema: bondeni. Kupita kijito kikavu, mtundu wa pili.
Kuna mzinga wa gome.
Nikasema: mwenge ulinianguka. Nyuki walinizidi.

Hakuinua uso. Akafuta alama ya kuuliza,
akachora mshale, akaandika:
kusini, saa nane mchana, upepo mkali.
Nikasubiri jina langu.
Kalamu ikafunikwa.
"Karatasi hii ni ya nyumba. Hilo jingine lina mwenyewe."

Jana Nyamizi amehamia. Paa limebanwa na ukuta,
matundu ya hewa yana wavu wa chuma,
jiko liko pembeni kama mkwe,
na milango ni miwili, yote hufunguka kwa nje.
Igulu anarudi Jumatatu; kamba imefungwa
toka kitandani hadi mlango wa nyuma.

Akanipa matobolwa na chai, tukakaa mlango ule wa pili.
Toka pale mkuza mpya unaonekana,
mwekundu, umenyooka kama kidole hadi mtunduni.
Akautazama sana.
"Mihayo," akasema, "mwaka huu hujatuletea asali."

Nikaweka kikombe chini.
Chai ilikuwa bado ya moto.