Dirisha Lisilo na Mzazi

Saa kumi na moja alfajiri Kashinje ananipigia.
"Mashine imekufa, na sangara yuko juu ya mizani."
Nyuma ya sauti yake nasikia barafu ikisagwa,
mikokoteni ya Mwaloni, mtu akimtukana mtu kwa Kisukuma
kwa upole kabisa, kama anamsalimia.

Haijafa. Programu hii niliizaa mwenyewe
chumbani Mabatini, mistari elfu nne na ushee.
"Bonyeza chochote."
"Nimebonyeza."
"Inalia?"
"Inalia. Ti. Kila nikigusa, ti."

Basi nikajua.
Mahali fulani nyuma ya dirisha kuu
kuna dirisha dogo limesimama gizani
na swali moja, vitufe viwili,
na mpaka lijibiwe hapana kupima, hapana risiti,
hapana hata kufunga hesabu ukaenda zako.
Nikaanza kumwelekeza namna ya kulifichua.
Salio lake likakatika.

Wenye fani hii huliita kisanduku cha mazungumzo.
Mazungumzo gani?
Mmoja anauliza, mwingine anabofya,
na aliyeuliza hutoweka bila asante.
Ni yule karani wa kivuko cha Kamanga
aliyeketi mbele ya mnyororo:
tiketi kwanza,
na malori yote nyuma yako yazime injini.

Sina ugomvi na kuzuia.
Kashinje aliwahi kufuta mauzo ya siku nzima kwa kiwiko
akijinyoosha kuchukua chai,
ndipo nikaandika: Una hakika unataka kufuta?
Dirisha la kukukamata mkono kabla hujajikata.
Ila nililiumba usiku, nikiwa na usingizi,
na pale pa kutaja mzazi wake
nikapaacha patupu.
Litajijua, nikasema.

Dirisha lisilo na mzazi halijui lisimame mbele ya nani.
Likajiendea nyuma, likangoja,
limeshika ufunguo wa nyumba nzima.

Nilishuka kwa miguu hadi Kirumba.
Vilimani mawe yalikuwa bado yamebebana,
jiwe juu ya jiwe,
na lile dogo la juu kabisa
ndilo unalolitazama ukipita chini yake.

Marekebisho yalikuwa neno moja katikati ya mabano.
Neno moja, na sangara aliyeingia na kilo arobaini na mbili
sasa ana arobaini na moja na nusu,
na mwenye samaki, mtu wa Kome, hasemi kitu,
anautazama tu mkoba wangu.
Nusu kilo nililipa mimi.

Tukajaribu tena. Likaibuka mbele, mahali pake.
Kashinje akalisoma kwa sauti, vidole vina magamba:
"Una hakika unataka kufuta? Ndiyo. Ghairi."
Ghairi: neno zuri,
la mtu aliyefika mlangoni akageuza.
Akanigeukia.
"Na asiyejua, anabonyeza wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jioni nikaongeza kitufe cha tatu, Nitarudi.
Kinalifunga dirisha, hakifuti kitu,
kinaacha alama nyekundu kidogo pembeni
ili usijifanye umesahau.

Tangu Jumatatu, kwenye simu yangu,
Lugembe ameandika: Kiwanja cha baba kule Igoma,
tuuze au tusiuze? Nijibu, dada.
Nimekula, nimelala, nimeandika mistari mia mbili,
nimepanda mlima na kushuka.
Kila ninachogusa,
ti.

Pale sijapata pa kukiweka kitufe cha tatu.