Ukurasa Mmoja

Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja,
upande mmoja tu, maana nyuma kuna tangazo la duka la matrekta.
"Nestor," wamesema, "umetia makaa kwenye tanuru lile
miaka thelathini na mmoja. Nani ajuaye zaidi?"
Basi naandika.

Shule ya kwanza ya Tarnholm ilikuwa udongo na nyasi zake,
uliokatwa kwa plau, ukapangwa kama mikate.
Mvua ikinyesha siku moja nje, ndani ilinyesha mbili.
Nyoka wa majani alidondoka kutoka darini
juu ya daftari la hesabu la Einar Skagfjord,
naye, wanasema, akamjumlisha.

Ya pili ilikuwa ya mbao. Chumba kimoja,
maili mbili kutoka kwa watu,
kwa kuwa bwana aliyetoa kiwanja
alitoa kile kilichomshinda kulima.
Februari moja, theluji imeganda ngumu kama sakafu,
wakaipandisha juu ya magogo,
wakafunga farasi kumi na wanane, wakaivuta.
Jiko halikuzimwa.
Bibi yangu alikuwa ndani na wenzake kumi na mmoja,
wakikariri jedwali huku shule inatembea,
bomba linafuka moshi
kama garimoshi lililotoroka reli.
Saba mara nane, alituambia hadi uzeeni,
ni pale kwenye daraja la Babiak.

Mwalimu alikuwa Bi Euphemia Tully, miaka kumi na tisa,
mshahara nusu fedha, nusu shayiri.
Alifunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni
ili tufani ya theluji isimmeze mtoto aliyeomba ruhusa.
Hakupoteza hata mmoja. Hilo liandikwe.
Liandikwe pia kwamba jina la Paraskeva lilimshinda.
Alimtazama bibi yangu, akachovya kalamu,
akaandika: Pearl.
Na mtoto aliyeteleza ulimi uwanjani, akasema Kiukraini,
alibaki hadi saa kumi akiahidi ubaoni, mara mia,
kwa lugha asiyoijua,
kutosema tena ile anayoijua.

Kabla ya hayo yote palikuwa na watoto kule kijitoni.
Wakrii. Walichukuliwa kwenda shule ya mbali,
wengine hawakurudi, na makaburi yao hayana majina.
Kamati inasema hiyo si historia ya shule yetu.
Nimeiandika pambizoni, kwa herufi ndogo, lakini ipo.
Wao hakuna aliyewafungia kamba.

Ya tatu ndiyo yangu: matofali mekundu, ghorofa mbili,
tanuru tulilolipa jina la mwenyekiti wa bodi
kwa sababu lilinguruma sana, likipasha joto chumba kimoja.
Darasa la mwisho lilikuwa na watoto tisa.
Nilijua kila mmoja kwa mlio wa viatu vyake ngazini.
Kisha lami ikafika, na basi la manjano,
na asubuhi moja ya Septemba nikawasha tanuru kwa mazoea,
nikakaa kando yake mpaka saa tatu,
ndipo nikakumbuka.

Funguo bado ninazo. Hakuna aliyeziuliza.
Wiki iliyopita niliingia kutafuta tarehe,
nikakuta rejista ya Bi Tully nyuma ya bomba, panya wameila pembe:
Pearl yupo, Pearl yupo, Pearl hayupo (mavuno), Pearl yupo.
Miaka mitano ya kuwepo kwa mtu ambaye hakuwepo.

Sasa nimefika chini ya karatasi na sijasema habari ya viazi
tulivyooka majivuni, wala ya mpira wa magongo,
wala ya Thorbjorg aliyekuwa daktari.
Imebaki nafasi ya jina moja.
Nimelikandamiza kwa kalamu, herufi kwa herufi,
kama nilivyofundishwa na mwenyewe, mezani, mapazia yamefungwa:
Paraskeva.

Wino umepenya upande wa pili.
Trekta moja limeharibika.