Bawabu wa Kabati la Nne

Kachwekano, saa tano usiku. Ukungu umeshuka
hadi kwenye vioo vya maabara.
Ndani ya kabati la nne nimefungia giza
kama wengine wanavyofungia pesa.
Mle mna maharagwe mia mbili na kumi, siku ya tano,
hayajawahi kuona hata njiti ya kiberiti.

Nayajua yalivyo bila kuyatazama:
mashina marefu, meupe, membamba,
shingo zimepinda mithili ya mpini wa mwavuli,
ili udongo, endapo upo, usiichubue ncha.
Ndiyo adabu ya gizani: refuka, inama, usifungue jani.

Wanafunzi huniuliza nani huufundisha mche kuwa kijani.
Hakuna. Yote yamo mbeguni,
yamekunjwa kama gomesi sandukuni.
Ila kuna jeni moja iliyoajiri bawabu.
Hukaa katika kiini cha seli,
na kila mjumbe ajaye na neno "chanua"
humrarua kabla hajalitamka.

Bangirana, askari wetu, alisikia panya.
Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi.
Akafungua kabati, akamulika tochi,
moja, mbili,
akafunga.
"Hakuna kitu, madamu. Ni maharagwe tu."

Siku tano!
Nilimtukana kwa Rukiga, kisha kwa lugha
nisizozijua vizuri.

Asubuhi nikashika rula.
Shingo zilikuwa zinanyooka, polepole,
kama mtu aliyesikia jina lake kanisani
na hana hakika.
Tochi ya shilingi elfu tano, betri zimechoka,
ilitosha kumwondoa bawabu mlangoni.

Mstari wa mwisho una miche tisa isiyo naye.
Jeni ile imevunjika; ilizaliwa hivyo.
Yenyewe ilikunjua majani tangu siku ya pili,
mifupi, ya manjano, imejipamba gizani
kwa karamu ya jua lisilokuwepo.
Sita imekwisha kufa.

Niliandika daftarini: "Jaribio limeharibika."
Nikafuta. Nikaandika:
"Mwanga, sekunde mbili. Aliyefungua: B."
Kisha nikampelekea chai ya maziwa getini,
nikasimama pale bila neno,
naye akapuliza kikombe, akaniuliza
kama yule panya nimempata.