Kwaheri na Hodi

Chumbageni, saa tano usiku, umeme ukiwa umetulia,
ndipo naziba madirisha kwa magunia ya katani
na kuwasha mwanga wa kijani.

Mfereji wenyewe ni wa kioo, urefu wa kitanda.
Sakafuni mwake kuna kidato kimoja,
kimo cha kiberiti kilichosimamishwa wima.
Maji huja yamenyooka, yameandamana na ukuta
kama maharusi wa wiki ya kwanza;
yakifika ukingoni, yanauachia.
Chini, kwenye kiza cha kidato,
hujikunja, hurudi,
huzozana.

Shemzigwa anatia maziwa, matone matatu,
ya ng'ombe wa Pongwe,
kwa bomba la sindano alilolipata Bombo.
Maji matupu hayasemi yaendako.
Yanataka kitu kidogo, cheupe, kisicho na shauri lake,
kichukuliwe tu.

Miale miwili inakutana mahali padogo kuliko punje ya mtama.
Hapo nuru hujifuma michirizi kama ukili,
na kila chembe ya maziwa ikipita humetameta.
Nahesabu mimeto: hiyo ndiyo kasi.

Lakini usiku wa kwanza chombo kilinidanganya.
Kilisoma mwendo, hakikusoma mwelekeo.
Anayekwenda na anayerudi, kwake mamoja.
Ilibidi mwale mmoja tuutie mtikisiko kidogo,
michirizi itembee,
ndipo kikajua kutofautisha
kwaheri na hodi.

Niko mwezi wa pili wa eda. Talaka ni moja, ya rejea.
Mjomba Mbaruku hupiga simu kila Ijumaa:
"Unakwenda au unarudi? Sema neno moja."

Tazama, Mjomba.
Ukishakipita kidato, vimo vyake sita na ushei,
mkondo unarudi kuugusa ukuta.
Nimepima hapo mara elfu kumi. Wastani: sifuri.
Shemzigwa akasema, basi hapo maji yamelala.
Nikamwonyesha namba moja moja:
mbele, nyuma, nyuma, mbele, nyuma.
Hakuna hata moja iliyosimama.
Ni pachache katika mfereji wote
panapohangaika kama hapo.

Saa saba kasoro umeme ukakatika.
Pampu ikanyamaza;
maji yakaendelea kidogo, kwa mazoea.
Kwa tochi ya simu nikaandika daftarini "sifuri",
nikaifuta.

Ijumaa akipiga nitamsomea zote,
namba elfu kumi,
azijumlishe mwenyewe.