Konzi la Sikudhani

Fomu inauliza: mbolea kilo ngapi kwa hekta?
Sikudhani anautazama mkono wake.
"Andika konzi," anasema.
"Konzi moja kila hatua,
na mchicha ukininunia naongeza chopa."

Nimeshuka bonde la Msimbazi na ndoo sita za rangi,
zimetobolewa kitako, zimezibwa kwa mpira.
Nazifudikiza juu ya matuta
na kukaa na saa mkononi.
Dakika sifuri, navuta bomba la sindano.
Ya kumi. Ya ishirini. Ya thelathini.
Watoto wa Kigogo wameshanibatiza: Bwana Ndoo.
Wananiuliza mgonjwa yuko wapi.

Nawaambia udongo unapumua.
Nawaambia yurea haiishii yote kwenye majani,
wamo vijidudu wanaogombea sahani hiyo hiyo,
na wakishiba hutoa gesi, ile ile
anayovutishwa mtu kabla ya kung'olewa jino.
Gesi ya kuchekesha.
"Basi mbona hapa hatucheki?" anauliza Sikudhani,
kisha anacheka, yeye peke yake,
hadi keni inammwagikia miguuni.

Ofisini kuna namba. Moja kwa mia.
Mfuko wa kilo hamsini una naitrojeni kilo ishirini na tatu;
chukua sehemu moja ya mia, gramu mia mbili na thelathini,
hizo ndizo zilizoruka, funga daftari, nenda ukale.
Sina ugomvi na namba hiyo.
Ila ilikulia mbali, kwenye mashamba mengi
yanayolala miezi chini ya theluji,
na haijakanyaga tope hili
la maji ya sabuni na samadi ya kuku wa Pugu,
linalovunwa kila wiki tatu bila kupumzishwa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Lakini kibaba cha hewa,
nani atajua kama ni cha tele au cha mfuto?

Nikaazima mzani wa muuza dagaa.
Konzi la kwanza: gramu thelathini na nane.
La pili: thelathini na moja.
La jioni, mgongo umekwisha: ishirini na sita.
Siku ilipokuja barua ya kuwahamisha bondeni:
hamsini na mbili,
na ngumi haikutaka kufunguka.
Nimeyaandika yote. Nimepiga wastani.
Kando ya wastani nimeweka kujumlisha na kutoa,
alama ambayo msimamizi wangu huiona kama doa la chai.

Usiku wa Jumapili mvua ikashuka.
Ndio usiku wenyewe niliokuwa nausubiri:
mbolea ya jana, udongo umelowa, joto halijaondoka,
gesi yote inatoka kwa mkupuo
na mimi niko Tabata, barabara imekatika,
nasikiliza bati.

Asubuhi ndoo nne zilikuwa zimekwenda na mto.
Sikudhani alikuwa amesimama kwenye tuta lililobaki,
kanga imemganda, pindo limefungwa fundo.
Akalifungua. Vichupa vitatu.
Saa nane usiku, simu kinywani ikimulika,
alivuta kama alivyoniona nikivuta:
sifuri, kumi, ishirini.
Thelathini hakuipata. Maji yalifika kwanza.
"Nilidhani utavitaka," akasema.

Majibu yamekuja kutoka Morogoro.
Vile vitatu vimepita
miezi yangu yote minne.
Sijui niviweke safu gani.
Nikivitupa, nimedanganya;
nikivizidisha kwa bonde zima, nimedanganya zaidi.

Mwisho wa fomu pana kijisanduku: chanzo cha takwimu.
Nafasi ni finyu, nimeandika jina lake tu.
Leo fomu imerudi na wino mwekundu:
Hukudhani nini?