Kidato cha Kumi na Nne

Kwenye kipaji cha nyumba saruji imeandika 193.
Tarakimu ya mwisho ilianguka masika ya El Nino,
ikapasua tandiko la baiskeli ya Bwana Nangonga, fundi cherehani.
Ndiyo maana tunabishana umri wake.
Waliokuja na futi ya chuma wanasema thelathini na nne.
Mimi nasema thelathini na sita,
maana mama alizaliwa babu akiwa bado na chokaa kwenye kope.

Kanji alinunua ufuta kwa pishi, akauuza kwa tani.
Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka kifudifudi,
Lindi nzima vibarua walikuwa rahisi kuliko misumari,
naye akaona huo ndio wakati wa kujenga:
maduka chini, milango sita juu,
roshani za chuma zilizoshushwa bandarini zimefungwa magunia
kama maharusi.

Babu yangu Chinguile, Mmwera wa Rondo,
hakufika kidato chochote cha shule.
Alijenga vidato ishirini na viwili,
na cha kumi na nne kikazidi vingine kwa vidole viwili.
Siku ya kukabidhi alilipwa, akashukuriwa,
akaonyeshwa mlango wa uani.
Hakuvipanda tena mpaka anakufa.

Wakapanga makarani wa mkonge, daktari wa meno,
kisha Wazungu wa mradi wa karanga,
waliokunywa roshanini mpaka karanga zikagoma kuota.
Kimbunga cha hamsini na mbili kikavua paa zima,
bati moja likaokotwa Mtanda, limemlalia mbuzi.
Mbuzi alikuwa hai. Hilo mama alilisimulia
kuliko alivyosimulia harusi yake.

Sabini na moja ikaja karatasi ya Msajili wa Majumba.
Jamnaben, mkaza mwana wa Kanji, alishuka na sufuria tatu
na mashine ya kushonea kichwani mwa mpagazi.
Mama, aliyekuwa akimfulia, aliachiwa mrihani kwenye debe la samli.
Sikumwona Jamnaben akilia.
Mpagazi alijikwaa kidato cha kumi na nne, mashine ikalia ngaa!
Yeye hakujikwaa, hata siku ile.

Mwaka uliofuata mama, mfagizi wa hospitali, alipewa namba tano.
Alipanda usiku, viatu mkononi,
akipapasa ukuta kama anayetafuta swichi,
na umeme ulikuwepo.

Sasa sisi ni urithi. Kibao kimesema.
Kimemtaja Kanji, kimetaja mtindo wa madirisha,
kimekataza rangi bila kibali,
kimekataza kupigilia msumari ukutani,
nacho chenyewe kimeshikwa na misumari minne.
Nilihesabu. Nilimwonyesha kijana aliyepigilia,
akacheka kwa aibu, akaomba maji ya kunywa.

Bati la juu ya jiko langu linavuja.
Barua imekwenda Mtwara, imekwenda Dodoma,
inarudi kila mara na mhuri mpya na swali lilelile.
Beseni ninalo. Nimezoea kupika nikilizunguka.

Lakini walipopima ngazi, yule binti mwenye miwani
alijikwaa palepale walipojikwaa wadai kodi wote,
na wezi wawili, na shemeji yangu akiwa mzima asiyelewa.
Akapima, akapima tena, akaandika: *kasoro, kidato cha 14.*
Nikamuuliza, mtairekebisha?
Akasema, hapana mama, hairuhusiwi kuguswa,
sheria inalinda kila kitu kama kilivyojengwa.

Nikamwomba anisomee tena.
Akanisomea, polepole, kama kwa mgonjwa wa masikio.
Kisha nikamshika mkono tukashuka,
nikamwambia wapi anyanyue mguu.