Imefunga

Mama mkwe alikuja Nkuhungu mwezi wa Mei
na mfuko wa karanga, fimbo, na mtoto wa jicho pande zote mbili.
Miadi ya hospitali ilikuwa Agosti.
Nikasema, "Njoo nikuonyeshe matuta,"
nikajiuma ulimi, nikamshika mkono.

Miche kumi na tisa ya kabichi, nyuma ya bafu,
mbegu ya pakiti yenye jina kama la binti wa kwaya.
Akachuchumaa. Akanusa udongo.
"Samadi ya mbuzi," akasema. "Haijaiva."
Kisha: "Na hilo jani lenu, utelezi wake uko wapi?"
Kwa Mbeleje binti Chilongani wa Mvumi
mboga ni mlenda.
Mengine ni majani yaliyokosa ng'ombe.

Maji yetu hufika Jumanne na Ijumaa, usiku wa manane,
bomba likikohoa kwanza kama mlevi anayetafuta mlango.
Naamka. Najaza ndoo, madumu, beseni, sufuria ya pilau.
Maji ya kuoshea mchele ni ya kabichi.
Maji waliyonawa wageni ni ya kabichi.
Ya kisima tulijaribu mara moja, yana chumvi;
miche miwili ikakauka kingo
kama karatasi iliyopitiwa na moto.
Mwanawe, Nyemo, akapiga hesabu ya ndoo na mbolea,
akasema sokoni Majengo kabichi ni buku moja.
Hakuna aliyemjibu.

Juni, upepo. Ule wetu usiobisha hodi,
unaotia vumbi jekundu hadi ndani ya kopo la chumvi.
Mingine ikalala, haikuamka.
Vidukari vikaja. Nikaponda mwarobaini na pilipili,
nikasahau, nikajifikicha jicho,
na kwa saa nzima tulikuwa vipofu wawili kibarazani,
mmoja akilia, mmoja akicheka.

Baada ya hapo ukaguzi akauchukua yeye.
Kila alfajiri, kabla ya chai, nasikia fimbo:
tuta la kwanza, tuta la pili.
"Mbukwa," anaiamkia kila moja,
na vidole vinaingia kati ya majani
polepole, kama vya mkunga.
"Hii imefunga."
"Hii bado, iko wazi kama mdomo wa jirani yenu."
"Hii ina mgeni," na anamtoa kiwavi,
anamrushia kuku bila kukosea.

Mimi nilijua kufunga shule, kufunga mzigo,
kufunga Kwaresima, kufunga mdomo mbele ya wakwe.
Sikujua kuwa jani nalo hufunga,
moja likijikunja juu ya jingine
usiku kwa usiku, hakuna anayeliona,
hadi kitu laini kinakuwa kizito kama jiwe la kusagia.

Agosti wakamfungua bandeji.
Hakukaa. Hakunywa maji.
Alikwenda moja kwa moja nyuma ya bafu,
fimbo kaibeba begani.
Zilikuwa zimebaki kumi na moja.
Akaitafuta ile ya tuta la pili,
ile aliyoniambia wiki nzima imekuwa kichwa cha ndama.
Akaitazama sana.
"Kumbe ndogo," akasema.

Kisha akanigeukia.
Miaka mitano nimeolewa kwake,
na macho yake yalizimika kabla sijafika.
Akanitazama kwa muda uleule, toka kilemba hadi kandambili.
"Na wewe nawe," akasema,
"nilidhani mrefu."

Sikujua nicheke au niombe radhi.
Jogoo akapita katikati yetu.
Yeye akachuchumaa, akafumba macho yake mapya,
akaizungushia kabichi mikono yote miwili
kama alivyozoea.

"Hapana," akasema. "Kubwa.
Lete kisu. Na zile karanga."